Nililipa Sh47,350, Nikatolewa Raundi ya Kwanza

Jumamosi iliyopita nilitoka Umoja saa moja asubuhi nikiwa nimevaa jezi ya kikosi chetu, simu imejaa chaji, pawabenki mbili mkobani, na moyoni nikijua hakuna mtoto wa mtu Nairobi hii atakayenizuia kufika fainali ya mashindano ya mchezo wa simu. Saa tano kasorobo nilikuwa stejini nasubiri matatu ya kurudi. Si kwamba tulitolewa robo fainali au nusu fainali. Raundi ya kwanza. Na aliyetutoa alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, simu yake ina kioo kilichopasuka kutoka kona hadi kona, anatumia bunduki ile ya kawaida ambayo mchezo unakupa bure siku unayojisajili.

"Pole mkubwa," akaniambia akinipa mkono. Hakuwa ananicheka. Angenicheka ningelala vizuri usiku ule.

Nimekaa na jambo hili siku sita. Nyinyi wa grupu la WhatsApp mmeshaniita majina yote mnayoyajua, na stika mmeshatengeneza. Sawa. Leo naandika kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mnatafuta nilichokuwa nakitafuta mimi: kushika kombe, jina kutajwa, siku moja kulipwa kwa kucheza. Na wengi mko kwenye njia ileile niliyopita, tena mnaikimbia.

Mchezo wenyewe sitautaja. Nikiutaja, nusu yenu mtaanza kuutetea na nusu mtaanza kuutukana, na hapo tutakuwa tumeacha mbachao. Ni wa simu, wa kupigana kwa bunduki, kuupakua ni bure. Mnajaza wenyewe.

Kabla ya mechi kuanza, mwandalizi alisimama na kipaza sauti akasoma kanuni. Simu ya aina yoyote inaruhusiwa, tableti hapana. Wi-Fi ni ya ukumbi, kila mtu azime data yake. Mechi zote zitachezwa kwenye chumba cha faragha humohumo mchezoni, ambapo anaingia aliyealikwa tu. Na nguvu za skini zimezimwa.

Kwa wasiocheza nieleze kidogo hapo. Michezo mingi inauza skini, yaani mapambo ya bunduki na nguo za mhusika. Katika mchezo huu, skini ya bunduki haipendezi tu, inaongeza kitu: risasi inauma zaidi kidogo, au bunduki inajazwa haraka, au inafika mbali. Kwenye mechi za kila siku nguvu hizo zinafanya kazi muda wote. Ukifungua chumba chako cha faragha, kuna kitufe cha kuzizima, na hapo bunduki yangu ya dhahabu inayotoa moshi wa zambarau inakuwa sawasawa na ya yule aliyejisajili jana.

Kanuni hiyo niliisikia vizuri kabisa. Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia, "Hiyo wameweka kuwasaidia watoto." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Raundi ya kwanza ya mechi yetu nikamnyatia kijana yule akiwa nyuma ya ukuta. Hajui niko wapi. Nikafyatua. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kwenye mechi za kila siku, mtu akila risasi yangu ya tano tunamsomea dua. Huyu hakuanguka. Ya sita niliikosa kwa sababu kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuhama kutafuta adui wa pili. Akageuka. Risasi mbili za kichwa, nikawa mimi ndiye niliye chini nikiangalia viatu vyake.

Raundi ya pili vilevile. Ya tatu tulishinda, lakini si kwa mkono wangu. Ya nne na ya tano nilishaanza kuogopa kufyatua, na mtu anayeogopa kufyatua heri abaki nyumbani akaoshe vyombo. Nne kwa moja. Dakika kama kumi na tano, na hapo ndipo miezi kumi na minne ya maisha yangu ilipoishia.

Nilichokuja kuelewa baadaye, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma cha matatu huku makanga anagombana na mama mmoja kuhusu chenji, ni kwamba mkono wangu wote umejengwa juu ya risasi tano. Lini nijitokeze, lini nijifiche, lini nihamie kwa adui wa pili, hesabu zote hizo zilisimama juu ya risasi tano. Na risasi tano hazikuwa zangu. Nilikuwa nimezinunua.

Mniruhusu nirudi nyuma.

Mimi kazi yangu ni kubadilisha vioo vya simu, Luthuli Avenue, kwenye duka ambalo tumegawana watu wanne. Kuna saa za mchana ambapo wateja wanakatika, na hapo ndipo nilipouanza mchezo huu. Na ieleweke kwamba mimi si mchezaji mbaya. Nimekulia kwenye vibanda vya PlayStation, enzi za shilingi kumi mechi moja na aliyeshindwa anapisha. Kuna kibanda nilikuwa nikikaa kitini kutoka saa nane hadi magharibi bila kupishwa, na nilikuwa nimelipa mechi moja tu. Wenye kibanda walikuwa wananichukia. Kwa hiyo nilipoingia kwenye mchezo wa simu nikawa nachapwa kila siku, niliona kuna kitu hakiko sawa. Nilikuwa namwona mtu kwanza, nampiga kwanza, halafu naanguka mimi.

Mwenzangu mmoja akaniambia, "Bro, angalia bunduki yake." Nikaangalia. Ilikuwa inawaka kama matatu mpya ya Rongai.

Ofa ya kwanza ilikuwa Sh130. Mnaijua ofa hiyo, ile ya mara moja tu maishani ambayo wiki ijayo inarudi na jina lingine. Nikalipa kwa M-Pesa nikiwa kazini, na usiku ule nilishinda mechi tatu mfululizo. Hapo ndipo nilipopotea, na sikupotea kwa sababu ya skini. Nilipotea kwa sababu nilishinda. Ningelipa nikashindwa, ningesema nimeibiwa Sh130 na maisha yaendelee.

Baada ya hapo sina mengi ya kusimulia, ni miezi ya kulipa na kupanda. Mia mbili hapa, mia tano pale, gurudumu la bahati mwisho wa mwezi. Daraja la almasi, daraja la ushujaa, kisha lile la juu kabisa ambalo picha yako inawekewa moto. Vijana wa mtaani wakaanza kuniita Kapteni. Nikipita kwenye kibanda cha chapati naulizwa, "Kapteni, jana umeua wangapi?" Raha hiyo ilikuwa tamu na sijui kama nitaipata tena. Siku moja dada yangu mkubwa alinipigia simu kuhusu karo ya mtoto wake, nikamwambia biashara imelala. Asubuhi ileile nilikuwa nimenunua almasi, yaani sarafu ya mchezoni, za Sh2,500. Mwezi mwingine nilifuliza ili kukamilisha bunduki kabla msimu haujaisha, halafu nikalipa deni hilo kwa pesa ya vioo vya mteja.

Jumapili usiku, baada ya aibu ya ukumbini, nilibonyeza *334# nikaomba taarifa yangu ya M-Pesa, nikakaa na kalamu. Sh47,350 kwa miezi kumi na minne. Nyumba ninayokaa ni Sh9,000 kwa mwezi. Kwa hiyo nilikuwa nimekula kodi ya miezi mitano na chenji, nikapata bunduki ambayo mwandalizi anaizima kwa kidole kimoja.

Sasa tuingie kwenye hoja, maana tangu Jumapili mmekuwa mkinibishia kwamba mchezo wetu si wa kununua ushindi. Wachezaji wa Kiingereza wanauita mchezo wa namna hii "pay to win". Mimi nauita lipa ushinde, kwa sababu sisi tuliozoea Lipa na M-Pesa tunaelewa haraka zaidi. Lakini lipa ushinde ni nini hasa? Kila mtu anautaja mchezo anaouchukia yeye na kuusamehe ule anaoupenda.

Mmoja wa kikosi chetu ameniandikia: "Kapteni, wewe hukulipia ushindi, ulilipia muda. Kila kitu ulichonunua mtu anaweza kukipata bure akicheza." Hoja hii niliitumia mimi mwenyewe mwaka mzima, kwa hiyo naijua vizuri, na naijua pale inapovuja. Tupige hesabu. Bunduki yangu ili ifike daraja la mwisho ilihitaji vipande mia moja. Mchezo unatoa vipande viwili vya bure kwa wiki, tena ukikamilisha kazi zote. Hiyo ni wiki hamsini. Mimi niliikamilisha usiku mmoja. Na kila baada ya miezi miwili inakuja bunduki mpya inayoizidi ile ya zamani kidogo. Sasa huyo wa bure atafika lini? Akifika, mimi nimeshahama. Ni kama kumwambia mtu anayetembea kwa miguu kutoka Umoja kwamba na yeye anaweza kufika Mombasa. Kweli anaweza.

Hesabu hii si mimi niliyeianza. Mwaka 2017 kampuni ya EA ilipokaribia kutoa Star Wars Battlefront II, wachezaji walipiga hesabu wakaona kwamba kumfungua mhusika Darth Vader mmoja tu kungechukua kama saa 40 za kucheza, na huu ni mchezo ambao mtu ameshaununua kwa dola 60. Kampuni ikajibu kwenye Reddit kwamba lengo ni mchezaji ajivunie alichokipata kwa jasho lake. Jibu hilo likapigwa kura za kupinga zaidi ya 600,000, na likawa ndilo lililopingwa kuliko yote katika historia ya mtandao huo. Bei ya mashujaa ikapunguzwa kwa asilimia 75, na saa chache kabla ya mchezo kuingia sokoni ununuzi wote wa pesa halisi ukazimwa. Uliporudi mwaka uliofuata, ukawa wa mavazi tu. Watu walikasirika hivyo kwa sababu waliona kwamba saa 40 zimewekwa makusudi, ziwe ndefu kiasi cha kukufanya utoe pochi. Ukimuuzia mtu njia ya mkato huku wewe mwenyewe ndiye uliyechimba mashimo barabarani, usiseme unamuuzia muda.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni hiki, na nimekilipia ghali kwa hiyo nakisema bila aibu: chukua watu wawili wenye ustadi sawa, wenye siku zilezile kwenye mchezo, mmoja amelipa na mmoja hajalipa. Waweke uso kwa uso. Kama aliyelipa ana risasi inayouma zaidi, au damu nyingi zaidi, au kitu chochote ambacho mwenzake hawezi kuwa nacho wakati huo, basi huo ni lipa ushinde. Sijali ni asilimia tano au hamsini. Kwenye daraja la juu watu wanatofautiana kwa unywele, na asilimia tano ni unywele.

Mtasema nguo je? Fortnite imejaza pesa kwa kuuza nguo na densi, na nguo hazipigi mtu. Nakubaliana na hilo. Dota 2 nayo inatoa mashujaa wote bure tangu siku ya kwanza, inauza mapambo tu, na bado mwaka 2021 zawadi za mashindano yake makubwa zilipita dola milioni 40, sehemu kubwa ikitoka kwa wachezaji walionunua vitu visivyoongeza nguvu hata chembe. Kwa hiyo msiniambie kampuni itakufa njaa isipouza risasi.

Lakini hata nguo zina ujanja wake. Kwenye Call of Duty: Warzone kulikuwa na vazi la mhusika aitwaye Roze, jeusi tii kutoka kichwani hadi miguuni. Ukijibana kwenye kona yenye giza ukiwa nalo, hakuna anayekuona mpaka umeshamuua. Vazi tu, halina namba hata moja, na mwaka 2021 watengenezaji walilazimika kuling'arisha kwa sababu wachezaji walilalamika kwamba hawawaoni wanaolivaa. Kwa hiyo unapoangalia mchezo, usisome tu maandishi ya dukani. Angalia mabingwa wanavaa nini. Wakiwa wote wamevaa kitu kimoja na kitu hicho kinauzwa, umeshapata jibu.

Hapa kuna jambo ambalo nabishana nalo mwenyewe. Je, simu? Mimi narekebisha simu, nayaona haya kila siku. Kuna mteja anakuja na simu ya Sh12,000 ambayo mchezo ukianza inachemka mikononi na kupunguza mwendo, na kuna mwingine anakuja na ya Sh120,000, picha inateleza kama mafuta. Kwenye PUBG Mobile mwenye tableti anaona sehemu kubwa zaidi ya uwanja kuliko mwenye simu, ndiyo maana waandalizi wengi wanakataza tableti. Na mwaka 2020 mchezo huohuo ulipoleta picha 90 kwa sekunde, mwanzoni waliopewa ni wenye simu za OnePlus tu. Hiyo tunaiitaje? Halafu kuna intaneti. Kijana wa Kayole anayecheza kwa bando la saa moja, na seva iko nje ya nchi, hawezi kuwa sawa na yule wa Kileleshwa mwenye faiba ukutani.

Nimeligeuza hili mara nyingi na nimefika hapa: simu nzuri ni pesa, lakini si mchezo ulioiuza. Huo ni umaskini wetu wa kawaida, ule unaotufuata mpaka uwanjani kama unavyotufuata shuleni na hospitalini. Lipa ushinde ni pale mwenye uwanja mwenyewe anapouza viatu vyenye spiku mlangoni, halafu anamwagia maji nyasi. Ile ya OnePlus naiona imekaa katikati, na ikawa karibu zaidi na kosa kuliko na bahati mbaya. Mnaweza kunibishia. Lakini kumbukeni kwamba aliyenitoa alikuwa na kioo kilichopasuka, na mimi nilikuwa na simu ya mwaka jana.

Kuna wengine wananiuliza kuhusu Genshin Impact, kwamba watu wanamaliza mishahara humo wakitafuta wahusika. Ni kweli wanamaliza. Lakini humo mara nyingi unapambana na kompyuta. Mwenzako akinunua mhusika mkali, nani amepigwa? Hakuna. Huo kwangu ni mchezo ghali, na ughali ni ugonjwa mwingine.

Ninaloliogopa zaidi ya yote ni masanduku ya bahati, yale unayolipia bila kujua utatoa nini ndani, kwa sababu hayo hayakuuzii hata nguvu yenyewe, yanakuuzia tumaini la nguvu. Waliokulia Nairobi wanawajua jamaa wa pata potea, wale wa karata tatu juu ya kiboksi, na wenzao wawili wanaojifanya wateja walioshinda. Gurudumu la bahati ni pata potea lenye muziki. Hata wale wenzao wawili wapo: ni yale maandishi yanayopita juu ya kioo, fulani amepata bunduki ya dhahabu, fulani amepata joka. Tangu mwisho wa 2017 Apple imewataka watengenezaji waonyeshe uwezekano wa kila kitu kilichomo kabla mtu hajanunua. Kwa hiyo namba zipo, kwenye kile kialama kidogo pembeni. Miezi kumi na minne sikukibonyeza hata mara moja. Nilikibonyeza Jumapili. Bunduki yangu ilikuwa nusu ya asilimia kwa kila mzunguko.

Ubelgiji walilitazama jambo hili mwaka 2018, tume yao ya kamari ikasema masanduku ya namna hiyo kwenye michezo kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, ni kamari isiyo na leseni. Mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza FIFA Points, sarafu ya kununulia pakiti za wachezaji, nchini humo. Na Ultimate Team, ile sehemu ya FIFA ya kujenga timu yako kwa pakiti hizo, ndiyo mfano ambao kila kijana wa kibandani anaujua: umeshanunua mchezo, unafungua pakiti kutafuta Mbappé, unapata beki wa ligi usiyoijua, na mwaka ukiisha unaanza upya na timu mpya kwenye mchezo mpya. Aliyefungua pakiti mia tatu anakutana na wewe uliyefungua tano, halafu mkishamaliza anakuandikia kwamba huna kipaji.

Mimi nilikuwa naandika hivyo. Nilikuwa namwandikia mtu niliyemuua kwa risasi tano za kununua, "Rudi ukajifunze." Nimezitafuta jumbe hizo wiki hii, zipo zaidi ya hamsini. Wawili walinijibu wakiniomba niwafundishe. Nikawafundisha! Nikawaeleza namna ya kukaa nyuma ya ukuta na lini wajitokeze, na yote niliyowaambia ni ya mtu mwenye risasi tano. Watoto wa watu, wana bunduki za bure, wamekwenda kufa na mafunzo yangu.

Ndiyo maana nawaambia, na nitasema hata mkichoka: zimeni nguvu. Kama mchezo wako una chumba cha faragha, mfungue na rafiki zako, mzime kila kilichonunuliwa, mcheze mechi kumi. Utajijua. Kama mchezo wako hauna kitufe hicho, basi tengeneza akaunti nyingine mpya, usiweke hata shilingi, cheza mwezi mmoja. Utajijua. Clash Royale wanasawazisha ngazi za kadi kwenye mashindano yao mengi, kwa hiyo hata mchezo unaouza kadi unajua mwenyewe kwamba ukitaka kumpata bingwa wa kweli lazima pesa zikae nje kwanza. World of Tanks hapo mwanzo risasi kali zilinunuliwa kwa dhahabu ya pesa halisi peke yake, mpaka 2012 walipokubali zinunuliwe kwa fedha ya mchezoni. Wanajua. Wote wanajua. Ni sisi tunaojifanya hatujui, kwa sababu tukikubali tutalazimika kuuliza ushindi wetu ulikuwa wa nani.

Na wewe unayesema "mimi naweka mia mbili tu kwa mwezi", mimi pia nilikuwa wa mia mbili. Omba taarifa yako ya M-Pesa leo. Usiombe kesho. Kaa chini na kalamu, jumlisha, halafu zima nguvu na ucheze. Kama bado unashinda, wewe ni mkali na nakuvulia kofia. Kama hushindi, basi karibu, tuanze pamoja chini kabisa, mahali nilipo mimi sasa.

Maana nimeanza upya. Akaunti mpya, jina jipya ambalo siwaambii, bunduki ya bure. Tangu Jumatatu nimecheza mechi thelathini na moja, nimeshinda mbili. Napiga risasi ya tano halafu najikumbusha kwa sauti, "bado, bado," mpaka wenzangu wa dukani wanafikiri naongea na simu. Jana mchana nilianza kuzoea ya saba.

Ile akaunti ya zamani bado ipo. Ina almasi 310 zilizobaki, ina bunduki ya dhahabu, ina picha yenye moto. Kuna kijana aliona habari zangu kwenye grupu, akanifuata pembeni akitaka kuinunua. Nilimweleza kwamba kuuza akaunti ni kinyume cha masharti ya mchezo, inaweza kufungwa wakati wowote. Akasema anajua, yeye anataka kupanda daraja tu kabla msimu haujaisha. Alianzia Sh6,000. Jana usiku alipandisha hadi Sh7,500, akaongeza na emoji ya mikono inayoomba. Kodi ni tarehe tano. Bado sijamjibu.